Ukarabati na Maonyesho Mapya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuwapasha Habari Wahudumu wa Kujitolea wa Makumbusho ya Sanaa

Ukurasa huu ni wa wanaoratibu wahudumu wa kujitolea katika makumbusho na nyumba za sanaa za Afrika Mashariki, na ni wa wahudumu wenyewe: wanaoongoza wageni ukumbini, wanaokaa mapokezi, wanaopokea wanafunzi, wanaouza vitabu dukani. Mifano mingi ni ya Nairobi, kwa sababu makumbusho ya taifa ya huko yaliwahi kufungwa karibu miaka mitatu kwa ukarabati, yakarudi na sura nyingine. Majumba ya Ulaya yametajwa pale tu ambapo yamepitia jambo linalotuhusu.

Kwa nini mhudumu wa kujitolea aambiwe kabla ya umma kutangaziwa?

Kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa. Mkurugenzi hasimami mlangoni Jumamosi asubuhi basi la shule linapoingia, na mhifadhi, yaani mtaalamu anayesimamia mkusanyo na maonyesho, yuko ofisini au ghalani. Anayesimama pale ni mama mstaafu anayejitolea, au kijana wa chuo anayesomea sanaa, na mgeni hawezi kumtofautisha na mwajiriwa. Akiulizwa sanamu fulani imekwenda wapi, naye hajui hata kwamba imeondolewa, anaaibika yeye. Aibu hiyo haimfikii aliyekuwa na habari mezani kwake tangu juma lililopita.

Sababu ya pili, kwangu, ni nzito zaidi. Anayejitolea halipwi mshahara, na nauli mara nyingi anajilipia. Kinachomrudisha ni kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Siku anaposoma gazetini kwamba ukumbi anaouhudumia utafungwa mwezi ujao, anajua kwamba hahesabiwi hivyo. Wengi hawagombani na mtu. Wanaacha tu kuja. Ndiyo maana tunasimamia kanuni moja: tangazo la ukarabati au la maonyesho halitoki nje kabla wahudumu hawajalipata, hata kama wanalipata saa chache tu mapema.

Ukarabati ukikaribia, wanahitaji kujua nini hasa?

Hawahitaji bajeti wala michoro ya msanifu majengo. Wanahitaji mambo yanayohusu miguu yao na midomo yao: wapite wapi, waseme nini.

Anza na njia. Mlango upi utatumika, basi la shule lishushe watoto wapi, anayetumia kiti cha magurudumu apite wapi lifti ikizimwa. Kisha choo. Watu wa makumbusho hupenda kudhani kwamba wageni huuliza kwanza habari za sanaa, lakini aliyekaa mapokezi anajua kwamba choo huulizwa kuliko mchoro wowote. Choo kikihamishwa, mhudumu ajue kilipo siku hiyohiyo. Kisha kiingilio: je, kimepunguzwa kwa kuwa nusu ya kumbi zimefungwa? Na kama hakikupunguzwa, ni kwa nini? Kisha kelele na vumbi, kwa sababu wapo wahudumu wenye pumu, na ni haki yao kujua siku ambayo plasta itabomolewa ili wabadilishe zamu. Mwisho, orodha ya kazi za sanaa zilizohamishwa: ipi imekwenda ghalani, ipi imehamia ukumbi mwingine, ipi imepelekwa kwa mtaalamu wa kuhifadhi.

Jengo lenyewe likiwa la kihistoria, habari zinaongezeka. Fikiria Nairobi Gallery, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Jengo hilo ni la 1913. Lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, watu wakifika kuandikisha watoto waliozaliwa, ndoa na vifo, na umbali wa kwenda miji mingine ulipimwa kutoka hapo. Mgeni akikuta ukuta wake umezungukwa na viunzi vya mafundi, ataona uzito wa kazi ile iwapo mtu atamweleza kwamba jengo linalolindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 halivunjwi na kupakwa rangi kama duka.

Pwani nako kuna elimu ambayo kila mhudumu angepaswa kuwa nayo. Nyumba za kale za Lamu na Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa huruhusu unyevu kutoka nje. Saruji huuzuia ndani ya ukuta, chumvi ikapanda, plasta ikaanza kubanduka. Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake huchanganya chokaa na kuiacha ikauke taratibu, na ndiyo maana kazi inachukua muda. Mhudumu akijua hilo, ucheleweshaji wenyewe unakuwa mada ya kuongozea wageni. Wengine wataondoka na hamu ya kwenda kuangalia upya kuta za nyumba za babu zao.

Tarehe ya kufungua tena haijajulikana. Si afadhali tunyamaze mpaka tuwe na hakika?

Hapana. Ukinyamaza, watu watajaza pengo wenyewe, na watakachokijaza kwa kawaida ni kibaya kuliko ukweli: fedha zimeliwa, mkandarasi amekimbia, jengo linauzwa.

Kuchelewa katika kazi hizi ni jambo la kawaida, na si aibu kulisema. Rijksmuseum ya Amsterdam, makumbusho ya taifa ya Uholanzi, ilifungwa 2003 kwa mpango wa kufunguliwa 2008. Ilifunguliwa Aprili 13, 2013. Miongoni mwa yaliyoichelewesha ni waendesha baiskeli wa mji ule, waliokataa kunyang'anywa njia yao inayopita chini ya jengo. Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yalifungwa Oktoba 2005 na kufunguliwa tena katikati ya 2008.

Tunachoshauri ni kusema mambo matatu kila mara: tunalolijua leo, lile ambalo halijaamuliwa na nani ataliamua, na siku tutakayozungumza tena. Hilo la tatu ndilo lenye uzito. Ukisema utaleta habari Ijumaa ya kwanza ya mwezi, zilete Ijumaa hiyo hata kama jipya ni kwamba hakuna jipya. Wahudumu wanaweza kuvumilia tarehe inayosogezwa, hawavumilii kusahauliwa.

Jumba lote likifungwa, wahudumu wafanye nini miezi yote hiyo?

Hapo ndipo makumbusho mengi hupoteza watu wao. Mtu aliyezoea kuja kila Jumatano akikaa nyumbani mwaka mzima, Jumatano yake inapata kazi nyingine, na hatarudi kwa sababu tu mmefungua milango.

Kwanza, usiwakatishe habari. Kenya kuna mfano mzuri wa Kenya Museum Society, chama kilichoanzishwa 1971 kusaidia Makumbusho ya Taifa. Chama hicho kina mihadhara, safari na jarida lake, Kenya Past and Present, mambo ambayo hayategemei ukumbi mmoja kuwa wazi. Jumba lako likiwa na jambo la namna hiyo, hata dogo kama mazungumzo ya saa moja kila mwezi chini ya mti uani, kamba haikatiki.

Pili, wape kazi ya kweli. Wanaweza kwenda shuleni na nakala za picha badala ya kusubiri shule ije. Wanaweza kusoma rasimu za vibandiko vya maelezo na kusema wapi hazieleweki. Rijksmuseum ilipofungwa, iliacha wazi bawa moja lenye kazi zake maarufu zaidi. Ikiwa na nyinyi mna chumba kimoja kinachoweza kubaki wazi, kiacheni wazi na wahudumu wakae humo. Jambo moja wasilipewe: kubeba na kufungasha kazi za sanaa. Hiyo ni kazi ya waliofunzwa, na ajali moja inaumiza kazi ya msanii na roho ya mtu aliyekuja kusaidia kwa moyo safi.

Tatu, na hili halizungumzwi vya kutosha, kuna ukarabati unaobadilisha simulizi na si kuta peke yake. Makumbusho ya Afrika ya Kati ya Tervuren, karibu na Brussels, yalifungwa Desemba 2013 na kufunguliwa Desemba 2018. Yale ni makumbusho yaliyozaliwa na ukoloni wa Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, huko Kongo, na kazi ya miaka mitano haikuwa ya paa na mabomba tu. Walilazimika kuisimulia Kongo upya. Nairobi nako jumba lililofunguliwa 1930 liliitwa Coryndon, kwa heshima ya gavana wa kikoloni, na likabadilishwa jina baada ya uhuru. Mhudumu aliyefundishwa simulizi ya zamani na kuirudia kwa wageni miaka kumi hawezi kukabidhiwa mpya kwa karatasi moja asubuhi ya ufunguzi. Anahitaji kukaa na mhifadhi, kuuliza, hata kubisha. Mwanzoni mwingine atahisi kwamba anaambiwa alikuwa akiwadanganya watu. Mpe muda huo. Ni sehemu ya ukarabati, na uandikwe kwenye ratiba pamoja na umeme na rangi.

Je, wahudumu wanaweza kuingizwa eneo la ujenzi wakajionee?

Wachache wachache, wakiongozwa na mkandarasi, wakiwa na kofia ngumu na viatu vilivyofunika vidole, siku ambayo kazi nzito imesimama. Nje ya hapo, hapana, na mratibu asilegeze kwa sababu ya kujuana. Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jengo la Sultani Barghash la 1883, ilianguka wakati ukarabati unaendelea, na watu wawili walipoteza maisha. Majengo yetu ya kale huficha udhaifu ndani ya kuta.

Ziara moja ya namna hiyo inafaa kuliko barua kumi. Aliyeona kwa macho yake boriti zilizoliwa na mchwa atawaeleza wageni kwa nini ukumbi umefungwa kwa namna ambayo hakuna karatasi itaweza.

Mafundi wakigundua kitu, tuwaambie wahudumu?

Waambieni wao kwanza, mkishahakikisha kwamba si jambo la kuleta wezi. Katika ukarabati wa Sainsbury Wing ya National Gallery, London, bawa lililofunguliwa tena Mei 10, 2025, mafundi walibomoa nguzo wakakuta ndani yake barua ya 1990. Aliyeiandika ni John Sainsbury, mmoja wa waliolipia jengo lenyewe. Alisema kwamba nguzo zile hazikuwa na kazi yoyote, ni kosa la msanifu, na kwamba amefurahi kizazi kingine kimeamua kuziondoa. Hebu fikiria mhudumu anavyoisimulia habari hiyo mbele ya watoto wa darasa la sita. Habari kama hizo ni posho ya asiyelipwa. Msimnyime.

Maonyesho mapya: habari zianze kutoka lini?

Kwa hatua. Mkishatia sahihi tarehe, toeni jina la maonyesho, muda wake na sentensi mbili za maelezo. Majuma manne kabla ya ufunguzi toeni waraka kamili. Kisha, kazi zikishatundikwa na taa kuwekwa sawa, fanyeni ziara ya ndani pamoja na mhifadhi, na msanii mwenyewe kama yupo.

Watu hutaka ziara hiyo mapema, na mara nyingi haiwezekani. Kazi zilizosafiri hukaa ndani ya makreti yao, kwa kawaida saa 24 au zaidi, zizoee joto na unyevu wa mahali pageni. Kreti likifunguliwa, mtaalamu huandika hali ya kila kitu, mkwaruzo kwa mkwaruzo, kabla ya mwingine kukigusa. Wahudumu wakielezwa hivyo hawatadhani wamefungiwa mlango kwa dharau.

Mombasa, Lamu na Zanzibar, ziara ikiangukia Ramadhani iwekwe asubuhi, watu wangali na nguvu, isisogee kuelekea futari.

Waraka wa maonyesho uandikweje?

Kurasa mbili, zisizidi tatu. Maandishi ya katalogi hayafai hapa, wala taarifa ya waandishi wa habari, kwa kuwa zote mbili zinasifu, na mhudumu anahitaji kueleza. Uanze na sentensi moja inayoweza kusemwa na mtu aliyesimama: maonyesho haya yanahusu nini. Ufuate na wasanii ni akina nani na majina yao yanatamkwaje. Halafu kazi tano au sita ambazo wageni wengi watasimama mbele yake, na kwa kila moja uandike jambo la kuona kwanza, kabla ya jambo la kujua: rangi imepakwa kwa brashi au kwa kisu, sanamu imechongwa kwa mti gani, kwa nini picha hii imetundikwa chini kuliko nyingine. Mgeni aliyeonyeshwa kitu kwa macho yake atasikiliza historia yake kwa hiari.

Kisha yaje maswali magumu, sehemu ambayo hurukwa mara nyingi ingawa ndiyo inayohitajika kuliko zote.

Chukua maonyesho ya Invisible Inventories, yaliyofanyika Makumbusho ya Taifa ya Nairobi 2021 na pia Cologne na Frankfurt. Yalihusu vitu vya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya ng'ambo. Mradi ulioyazaa ulikusanya kumbukumbu za vitu zaidi ya 32,000. Humo mlikuwa na makabati ya vioo yasiyo na kitu. Kwa baba aliyetoka Kitengela na wanawe, kabati tupu ni uzembe wa wenye jumba au ni dalili ya wizi, mpaka mtu amweleze kwamba utupu ule ndio ujumbe: kitu chenyewe kiko mbali, wala si yeye aliyekipeleka huko. Akishaelezwa, ataanza kuuliza. Nani alivichukua? Vitarudi lini? Kwa nini serikali isividai? Mhudumu asiyeandaliwa atababaika, au atabuni jibu, na jibu la kubuni mbele ya kabati lile ni dhuluma. Waraka ungempa majibu mafupi ya kweli, pamoja na idhini ya kusema wazi, "Hilo bado linajadiliwa, na haya ndiyo yaliyofikiwa mpaka leo."

Mkusanyo wa Joseph Murumbi, mtu wa pili kushika umakamu wa rais nchini Kenya, una maswali ya aina nyingine. Unaonyeshwa Nairobi Gallery, na mgeni hushangaa kukuta vitu vya Afrika Magharibi katikati ya Nairobi. Hapo mhudumu anapaswa kujua kwamba Murumbi na mkewe Sheila walikusanya kutoka bara zima kwa sababu waliliona ni lao lote, na kwamba Murumbi, akishirikiana na Mmarekani Alan Donovan, alianzisha nyumba ya sanaa ya African Heritage katika miaka ya 1970. Sehemu nyingine ya mkusanyo wake iko Jumba la Kumbukumbu za Taifa, hatua chache kutoka mtaa wa Tom Mboya, na mwongozaji mzuri humwelekeza mgeni huko baada ya kumaliza hapa.

Waraka uwe kwa lugha gani?

Kwa lugha itakayotumika ukumbini. Mhudumu atakayewaongoza wanafunzi wa Kayole au wazee wa Kilifi kwa Kiswahili, akipewa waraka wa Kiingereza pekee, anaachiwa kazi ya kutafsiri papo kwa papo mbele ya watu, na hapo ndipo habari hupotoka. Andikeni kwa Kiswahili tangu mwanzo, mtu anayeijua sanaa aupitie, na wahudumu wenyewe waulizwe wangesemaje. Mara nyingi wanazo njia bora za kueleza kuliko ofisi.

Kuna mambo ya siri. Tutawaambiaje wahudumu bila kuvujisha?

Siri za kweli ni chache: thamani ya bima, siku na njia ya kusafirisha kazi, mpango wa ulinzi, jina la mkopeshaji wa kazi za sanaa asiyetaka kutajwa, na mkopo wa kazi ambao haujatiwa sahihi. Hayo wahudumu hawayahitaji kabisa, na ukiwaeleza kwamba yapo na kwa nini hayasemwi, wataelewa. Tatizo ni ile tabia ya kuita kila kitu siri. Kufungwa kwa choo si siri. Kuchelewa kwa lifti si siri.

Habari yenye tarehe ya kutangazwa iandikwe juu kabisa, kwa herufi zinazoonekana: isisambazwe kabla ya siku fulani, saa fulani. Watu wazima walioaminiwa hutunza walichoaminiwa.

WhatsApp, barua pepe au mkutano?

Vyote, kila kimoja kwa kazi yake. WhatsApp ni ya habari ya leo: ukumbi wa pili hauna umeme, basi la watoto sitini linakuja saa nne. Liwepo kundi la matangazo ambalo waratibu pekee ndio wanaoandika, na kundi lingine la mazungumzo. Salamu za asubuhi, michango ya misiba na pongezi za harusi ni mambo mema yanayowaunganisha watu, lakini yakichanganyika na matangazo, tangazo la mlango kufungwa linazama ndani ya dakika kumi.

Waraka uende kwa barua pepe na uchapishwe pia, nakala ibandikwe kwenye chumba cha chai. Faili lenye picha nzito linamla mtu bando lake mwenyewe, kwa hiyo tuma maandishi matupu na uache picha ukutani. Asiye na simu janja apigiwe. Anayesoma kwa shida kwa sababu ya macho atumiwe ujumbe wa sauti.

Kabla ya kumweka mtu kundini, muombe ruhusa, kwa kuwa namba yake itaonekana na wote. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na Tanzania ina yake ya 2022.

Mkutano ni wa habari nzito. Wahudumu wengi ni wakubwa kwa umri kuliko mratibu wao, na mzee aliyehudumu ukumbi mmoja miaka mingi haambiwi kwa ujumbe mfupi kwamba ukumbi huo unafungwa. Mwendee, au mpigie. Shikamoo kwanza, hali ya nyumbani, kisha useme ulilonalo, umsikilize.

Tarehe ikibadilika usiku wa kuamkia ufunguzi?

Mpigie simu kila aliye na zamu kesho. Ujumbe ulioonekana na usiojibiwa si uthibitisho.

Mimi ni mhudumu. Mgeni amekuta chumba alichokifuata kimefungwa, amekasirika. Nimjibu nini?

Mpe pole kwanza, sababu baadaye, na mwisho mpe kitu mkononi. "Karibu sana, mama, na pole kwa safari ndefu. Ukumbi wa juu umefungwa kwa sababu paa linatengenezwa. Wa chini uko wazi, na kuna kazi tatu zilizoteremshwa kutoka juu. Twende nikuonyeshe." Usimlaumu mkandarasi wala wakubwa. Akidai kurudishiwa kiingilio, usiahidi lolote. Mpeleke kwa mwenye mamlaka hayo, ambaye jina lake lazima uwe nalo kabla zamu haijaanza.

Chumba kimefungwa na sioni fundi yeyote. Niseme ukarabati?

Usiseme usilolijua, uliza. Huenda ni mapumziko ya kazi zenyewe. Mwanga huharibu rangi, na uharibifu wake hujumlishana na haurudi nyuma. Michoro ya rangi za maji juu ya karatasi, kama ile ya mimea aliyoichora Joy Adamson, na vitambaa pia, huwekewa mwanga hafifu wa takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), ilhali picha za rangi ya mafuta huvumilia takriban 200. Baada ya miezi kadhaa ukutani, michoro ya karatasi hurudishwa gizani. Wakati mwingine ni unyevu uliopanda, na mtaalamu anangoja ushuke. Wageni wengi hawajawahi kusikia kwamba picha inaweza kuchoshwa na mwanga, na nyuso zao hubadilika wakielezwa.

Mwandishi wa habari akiniuliza kuhusu gharama za ukarabati?

Mpe namba ya ofisi ya mawasiliano, umkaribishe chai.

Najitolea na sielezwi chochote. Nifanyeje bila kuonekana mkorofi?

Andika maswali matatu uliyoulizwa na wageni ukashindwa kujibu, na tarehe zake. Mpelekee mratibu ana kwa ana, ukimwambia, "Naomba nisaidiwe kuyajibu haya, wageni wananiuliza." Hakuna mwenye kuipenda kazi yake atakayeliona hilo kuwa ukorofi. Akikaa kimya, wahudumu wawili watatu mwende pamoja. Mna haki ya kuomba mkutano wa kila mwezi na mtu mmoja mwenye jukumu la kuwajibu.

Maonyesho yakishafunguliwa, kazi ya kupashana habari imeisha?

Inageuka upande. Sasa wahudumu ndio wenye habari. Wanajua kibandiko kipi kimebandikwa juu mno kwa mtoto kukisoma, kona ipi ina giza, kazi ipi watu wanataka kuigusa. Wekeni daftari mapokezi, kila anayemaliza zamu aandike swali moja aliloulizwa. Mhifadhi alipitie kila juma na kuandika majibu humohumo, kwa mkono wake. Kibandiko kikisahihishwa kwa sababu ya swali hilo, aliyelileta aitwe kukiona kabla hakijabandikwa.